Vespa ya mjomba, Kijapani cha cc 50, Activa au NTORQ: ipi itamfaa muuguzi wa Fuoni?

Swali: Assalamu alaikum fundi, na shikamoo. Mimi ni muuguzi, nakaa Fuoni, Unguja, kazini kwangu ni Mnazi Mmoja. Kila siku ni kama kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, na asubuhi nampitisha mwanangu wa miaka 8 skuli. Mara mbili kwa mwezi nakwenda Paje kumtazama mama. Daladala zimenichosha. Kimo changu ni sentimita 155 na sijawahi kuendesha chombo chenye gia. Mbele yangu vipo vinne. Mjomba ananipa Vespa PX 150 yake kwa bei ya kindugu. Ipo skuta ya Kijapani ya cc 50, iliyotumika, bei yake nzuri. Ipo Honda Activa 110, nayo iliyotumika. Na mume wangu anataka nikopee TVS NTORQ 125 mpya kwa sababu ina nguvu. Mimi nataka chombo kisichonizidi kimo, kisichoniumiza mgongo na kisichonifilisi. Nichukue ipi?

Jibu:

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kunitajia kimo chako. Wengi wanaoniuliza swali hili hunitajia cc na rangi basi, kisha wiki ya pili wananirudia na kioo kimevunjika na mkono wa breki umepinda, kwa sababu chombo kimewalalia kwenye foleni kikiwa kimesimama, hakijagonga hata kuku.

Jibu nakupa mwanzo usije ukachoka kusoma: chukua Activa, lakini iwe ile yenye gurudumu la mbele la inchi 12. Zile tatu nyingine kila moja ina uzuri wake, na moja kati yao naipenda mimi kuliko hata Activa, ila hazikupi wewe ulichokitaja.

Tuanze na kimo. Karatasi za kiwandani zinasema kiti cha Activa kiko sentimita 76 na kidogo kutoka chini, cha NTORQ sentimita 77. Tofauti hiyo haifiki hata unene wa soli ya kiatu, ndiyo maana mumeo haoni tatizo. Lakini mguu wa mtu haushuki wima kutoka katikati ya kiti. Unazunguka kwanza ubavu wa kiti, halafu ukingo wa pale pa kuwekea miguu, ndipo uifuate ardhi. Kiti kikiwa kipana, mguu unaliwa sentimita tatu nne hapo hapo. Kwa hiyo usiamini namba peke yake, kakalie.

Na ukienda kukalia, nenda na viatu unavyovaa kazini, si vile vya harusini. Kaa mbele ya kiti, ukaribu na usukani, shusha miguu yote miwili. Kwa kimo chako sitarajii nyayo zote mbili zilale bapa kwenye Activa. Nataka mafungu ya mbele ya nyayo yakae imara pande zote mbili, na ukisogea kidogo upande mmoja, mguu mmoja ulale wote. Hilo likiwezekana umo salama kwenye foleni. Kwenye Vespa PX ya mjomba kiti kiko sentimita 81, na bodi yake imevimba mbavu kama ng'ombe aliyeshiba, kwa hiyo utagusa chini kwa ncha za vidole tu. Kwenye kile Kijapani cha cc 50, ambacho kiti chake kwa kawaida kiko kama sentimita 70 hivi, utakaa kama umekaa barazani.

Jaribio la pili ndilo watu hulikimbia: stendi kubwa. Skuta karibu zote zina stendi mbili, ya ubavu na ile ya katikati inayoinua gurudumu la nyuma. Simama kushoto kwa chombo, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia ushike chuma kilicho nyuma ya kiti. Kanyaga ulimi wa stendi mpaka usikie miguu yake yote miwili imegusa sakafu, hapo weka uzito wako wote kwenye mguu huo huku mkono unaongoza tu. Ukinyanyua kwa mikono, kiuno utakisikia usiku. Activa ina kilo 106 hivi, PX ya miaka ya karibuni 112, NTORQ 116 na zaidi kutegemea toleo, na vile vya cc 50 vingi viko kati ya kilo 70 na 80. Kati ya Activa na NTORQ hapo kuna ndoo nzima ya maji ya lita 10, na hiyo ndoo utaibeba kila jioni ukirudi na uchovu wa zamu, unaisukuma ipande kizingiti cha uwa. Kama mlango wako wa uwani ni ule mwembamba wa kizamani, pima kabisa: Activa ina upana wa karibu sentimita 70 kwenye usukani, NTORQ 71, na vioo vya pembeni hutokeza zaidi ya hapo.

Sasa mgongo. Hapa watu wanaangalia ulaini wa kiti, nami nakwambia angalia chini. Skuta za zamani na nyingi za bei nafuu zina magurudumu ya inchi 10. Ukivisha tairi, duara zima linakuwa na kama sentimita 43 kutoka ukingo hadi ukingo. La inchi 12 linafika 47 hivi, na la inchi 14 linafika 50. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 30, na yapo mengi tu ukitoka barabara kubwa kuingia mitaani kwetu. Gurudumu la inchi 10 litazama sentimita 6, la 12 litazama 5 na nusu kasoro kidogo, la 14 litazama 5. Utasema tofauti ni ndogo. Ni ndogo kweli, ila kinachogonga uti wa mgongo ni ule ukingo wa pili wa shimo, pale gurudumu linapolazimika kupanda, na kadiri gurudumu lilivyozama ndivyo ukuta wa kupanda unavyokuwa mkali. Ukiwa mwendo wa 20 hutajali. Ukiwa 50, unarudi Paje magharibi inakaribia, utajali.

Kabla hujalaumu chombo, laumu upepo. Alinijia mama mmoja analia kwamba skuta yake inamtikisa mpaka meno, kapeleka kwa mafundi wawili, wamembadilishia shokapu za nyuma, bado. Nilipima matairi kabla sijashika spana: psi 40 mbele, 40 nyuma. Kijana wa pancha alimjazia kama anajaza tairi la gari. Nikateremsha mpaka 22 mbele na 29 nyuma, akazunguka mtaa mmoja akarudi anacheka. Hizo ndizo namba za Activa ukiwa peke yako, na ukipakia mtu, nyuma unapandisha mpaka 36. Kila chombo kina kibandiko chake kinachosema, kisome. Nunua kipimo cha upepo, kinaingia kwenye mkoba, na kitakuokoa na shokapu mbili usizozihitaji.

Raha nyingine iko pale pa kuwekea miguu, na hapa skuta zote zinaishinda pikipiki ya kawaida kwa mtu anayevaa buibui. Unapanda bila kurusha mguu, gauni linakaa mbele yako, na kinga ya mbele inakukinga na maji ya barabarani wakati wa masika. Lakini ushungi na ncha ya buibui zinazopepea nyuma ni hatari. Nimekata kitambaa kilichojizungusha kwenye ekseli ya nyuma zaidi ya mara moja, na wenye vitambaa hivyo walikuwa na bahati. Kusanya nguo, ikalie, na ushungi uingize ndani ya koti kabla hujawasha.

Na mtoto. Najua utaona watu wamewasimamisha watoto mbele, kati ya miguu yao, wameshika kioo. Usifanye hivyo. Ukifunga breki ghafla, kifua cha mtoto ndicho kinachokutana na usukani, na wewe uko nyuma yake na uzito wako wote. Mtoto wa miaka 8 akae nyuma, akiwa na kofia ngumu ya saizi yake, na nyayo zake zifike kwenye pa kukanyagia abiria. Kama hazifiki, bado hajawa abiria wa skuta, hata awe mwerevu vipi. Nenda naye mfanye jaribio hilo siku utakapokwenda kutazama chombo.

Basi tuje kwenye vile vinne.

Vespa ya mjomba. Hapa naomba unisamehe, nitarefusha, maana mkono wangu ulianza kazi hii kwenye Vespa. Unguja hata leo mtu akikwambia kanunua vespa, huenda kanunua skuta ya kampuni nyingine kabisa, jina limekwisha kuwa letu sote. Vespa yenyewe ni neno la Kiitaliano, maana yake nyigu. Ilitoka kiwanda cha Piaggio mwaka 1946, vita vimekwisha na kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege kinatafuta kazi nyingine. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda: zinachafua nguo, na ukipata pancha ni balaa. Ndipo akaifunika injini, na gurudumu la mbele akaliegemeza upande mmoja kama magurudumu ya ndege, ili lifunguliwe kwa dakika chache. PX unayopewa ni mjukuu wa fikra hiyo. Ina tairi la akiba, unafungua nati chache kando ya barabara, unavisha, unakwenda zako. Skuta zote tatu nyingine hazikupi hilo, ukipata pancha Jozani, kwenye njia ya Paje, ni kusukuma au kumwita mtu.

Lakini angalia inavyoendeshwa. Gia nne ziko mkono wa kushoto: unabana klachi, unausokota mkono mzima juu au chini, unaachia. Breki ya nyuma iko mguuni, kulia. Injini imekaa upande wa kulia, kwa hiyo chombo huelemea kidogo, na mtu mzoefu hata hahisi ila mgeni atahisi. Yote hayo yanafundishika, nimewafundisha watu wa kila umri. Ila unajifunza kwa ncha za vidole, kwenye chombo cha kilo 112, na mtoto nyuma, kwenye foleni ya Darajani saa moja asubuhi, ambako utabana klachi mara mia kabla hujafika. Kifundo cha mkono kitakwambia.

Tena kuna jambo ambalo mjomba hatakwambia, si kwa ubaya, pengine hajui. Vespa haina chesisi ya mabomba chini ya bodi. Bodi ndiyo chesisi: bati la chuma lililokunjwa likashika kila kitu. Kwenye Activa kutu ikila bodi ya nje ni aibu tu, unapiga rangi. Kwenye Vespa kutu ikila sakafu, imekula uti wa mgongo wa chombo. Na sisi tunaishi kisiwani, hewa yetu ina chumvi. Ukitaka kujua hali ya Vespa yoyote, ilaze kwenye gunia, chukua bisibisi, gonga taratibu chini ya sakafu, hasa kuzunguka pedeli ya breki na ule mhimili wa katikati. Ikilia kama sufuria ni nzima. Ikilia kama boksi, au bisibisi ikazama, bei ya kindugu hiyo itakuwa mwanzo tu wa gharama.

Halafu ni injini inayokula oili pamoja na petroli. Kama ya mjomba haina tangi lake la oili, kila lita ya petroli unaitilia mililita 20 za oili maalumu. Tangi la lita 8 linataka mililita 160. Ukisahau mara moja pistoni inakwama, na ukizidisha unaacha moshi kama wa kufukiza mbu. Mtu mwenye mapenzi nayo hafikirii mara mbili. Wewe utakuwa umesimama sheli saa kumi na mbili asubuhi, mtoto anachelewa skuli, unapima oili kwa kifuniko cha chupa.

Kijapani cha cc 50 nakipita haraka. Ni chepesi, kinafika chini, hakili mafuta, na kwa mtu anayekaa Kikwajuni na kufanya kazi Malindi ndicho hasa. Ila kimetengenezwa kwa sheria za kwao Japani, ambako cc 50 ni chombo cha mtu mmoja na mwendo wake wa kisheria ni kilomita 30 kwa saa. Vingi vimefungwa visivuke 60 hivi. Kiti ni cha mtu mmoja, pa kukanyagia abiria hakuna, shokapu zimepimwa kwa mtu mmoja. Utampakia mtoto, kitakwenda, kila mtu anafanya, lakini breki zake ndogo na mgongo wa mtoto havikuhesabiwa. Na Paje, kama kilomita 50 kila upande, injini itapiga kelele njia nzima na madereva wa daladala watakupigia honi njia nzima. Halafu Japani kwenyewe cc 50 mpya zimefikia mwisho, sheria za moshi zimezifungia njia mwaka 2025, kwa hiyo ukinunua leo jua unanunua cha ukoo unaokwisha.

Hapa nikutahadharishe na jina la Dio, maana ukienda kutazama hicho cha cc 50 lazima utalikuta. Honda imelibandika jina hilo kwenye vyombo kadhaa tofauti kabisa: kuna Dio ya Kijapani ya cc 50, kuna Dio 110 ya Kijapani yenye magurudumu ya inchi 14, na kuna Dio ya Kihindi ya cc 110 yenye magurudumu madogo. Muuzaji anaweza kukwambia Dio bila kusema uongo wowote, na bado ukarudi nyumbani na kitu usichokitaka. Ukiikuta ile Dio 110 ya Kijapani, nzima, yenye kadi safi, nipigie kabla hujaiacha. Kwa barabara zetu inapita laini juu ya mashimo kuliko Activa, na kiti chake kiko sentimita 76 vilevile. Shida yake ni spea za bodi: plastiki ikivunjika utasubiri.

NTORQ. Mwambie mumeo sikumpinga kwa kuwa chombo ni kibaya. Ni chombo kizuri. Ina cc 125, nguvu za farasi 9 na kitu dhidi ya 7 na kitu za Activa, magurudumu yote mawili ni ya inchi 12, na chini ya kiti panaingia lita 22 za mizigo, Activa ni lita 18. Safari ya Paje ukiwa na mtoto na kapu la mama, NTORQ itapanda na kupita magari bila kulalamika. Ungeniambia unakwenda Paje kila siku, jibu langu lingegeuka. Lakini hesabu vizuri: siku 26 unakwenda Mnazi Mmoja, siku 2 unakwenda Paje. Hizo nguvu za ziada utazitumia siku 2, uzito wa ziada utaubeba siku 28. Na ni mpya, ya mkopo. Chombo kipya cha kwanza cha mtu anayejifunza kitaanguka, hilo lichukulie kama limeshatokea. Kuanguka na Activa iliyotumika ni mkwaruzo. Kuanguka na chombo cha mkopo ni ugomvi nyumbani.

Basi Activa, na nieleze ipi. Mpaka toleo la 5G, Activa zilikuwa na magurudumu ya inchi 10 mbele na nyuma, kabureta, na mbele zilikuwa na zile shokapu fupi za kizamani zinazogonga kila tuta. Mwaka 2020 ikatoka 6G. Hiyo ina inchi 12 mbele, shokapu ndefu za mbele kama za pikipiki, na petroli inapulizwa kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta. Ukipita yale matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, utajua mara moja umekalia ipi. Kwa hiyo usiulize muuzaji ni toleo gani, inama usome ubavuni mwa tairi la mbele. Ikiandikwa 90/90-12 endelea kuzungumza bei. Ikimalizikia na 10, basi bei ishuke sana au uage kwa heshima.

Yapo mafundi watakaokwambia kimbia mfumo wa umeme, kabureta ndiyo inayojulikana. Wana hoja kidogo. Kabureta naisafisha mimi kwa nusu saa kwa mswaki na petroli. Ule mfumo mwingine unataka betri nzima na mafuta safi, betri ikifa kabisa hata kiki itakusumbua. Lakini asubuhi ya mvua unabonyeza inawaka, na kwa muuguzi anayewahi zamu hilo lina thamani yake. Jaza sheli kubwa inayouza sana, usinunue mafuta ya chupa za barabarani, na betri ikianza kuchelewa kuwasha usingoje ife.

Jambo jingine linalonifanya nikupe Activa ni breki. Ukibana mkono wa kushoto, breki ya nyuma inashika na ya mbele inasaidia. Mtu mpya akishtuka hubana mkono mmoja tu, na mara nyingi hubana vibaya. Hapa hata akikosea, chombo kinamsaidia. India wenyewe tangu 2019 wamelazimisha mfumo wa namna hii kwenye vyombo vipya vya mpaka cc 125.

Sasa kufilisika. Hesabu yako: kilomita 18 kwa siku 26 ni 468, jumlisha Paje mara mbili, kilomita 200, unapata 668 kwa mwezi. Kwa vyombo vinavyopita mikononi mwangu, Activa iliyotunzwa hunipa kama kilomita 45 kwa lita, NTORQ 40, PX 28 hivi kwa mwendo wa mjini. Activa itataka lita 15, NTORQ lita 17, Vespa lita 24 na karibu nusu lita ya oili juu yake. Kwa hiyo mumeo akikwambia NTORQ haili mafuta, ana haki, lita 2 si kitu. Vespa ndiyo itakayokula tofauti ya bei ya kindugu kidogo kidogo, lita 9 kila mwezi, mpaka siku moja utashangaa.

Kinachofilisi watu kwenye skuta zisizo na gia si mafuta, ni mkanda. Ndani ya lile boksi la kushoto kuna mkanda wa mpira unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Ukikatika njiani umesimama, na mara nyingine unapasua vitu vingine ndani. Mimi hubadilisha kwenye kilomita 20,000 hivi, pamoja na zile rola zake kama zimelika upande. Muuzaji akikwambia mkanda ni mpya, mwambie afungue uuone. Atakuwa na sababu nyingi za kutofungua. Wewe ingiza gharama ya mkanda kwenye bei, na siku ya kwanza ubadilishe: mkanda, plagi, oili ya injini ambayo haifiki lita moja, oili ya gia, na viatu vya breki kama vimeisha. Baada ya hapo unaanza kuhesabu kilomita zako mwenyewe.

Siku ya kukitazama nenda asubuhi, na mwambie mwenyewe asikiwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa moto, ameshakiamsha, na kuna kitu hataki ukione. Iwashe, iache ijiendeshe dakika mbili, nenda nyuma. Moshi wa bluu usiokwisha ni ringi za pistoni zimelika. Pandisha stendi kubwa, vuta mafuta kidogo, sikiliza gurudumu la nyuma: likipiga mluzi ni beringi, ambayo ni bei ndogo, lakini iseme. Kisha kaa, ondoka taratibu kutoka kusimama. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa kwenye zile mita chache za mwanzo, klachi imeungua au imejaa vumbi. Mwisho linganisha namba ya chesisi na kadi, herufi kwa herufi, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika bei.

Kujifunza, usianzie barabara ya Fuoni. Tafuta kiwanja Ijumaa jioni, wiki mbili, mwenyewe bila mtoto. Zunguka chupa za maji ulizozipanga, funga breki mpaka mikono ijue nguvu yake bila kufikiri. Wiki ya tatu nenda kazini peke yako. Mtoto apande wiki ya nne, na Paje isubiri mpaka umeendesha mvua angalau mara moja mjini.

Na mjomba usimkatishe tamaa kwa maneno ya bisibisi na kutu. Mwambie asiiuze kwanza. Ikigongwa na ikalia kama sufuria, mimi nataka kuiona.